Namba ya mwisho kwenye injini: uchambuzi wa kisa cha roketi ya kwanza iliyopasuka

Kisa hiki kinamhusu baba mmoja mwenye asili ya pwani ya Tanzania na mwanawe wa miaka 12, wanaoishi katika jimbo moja la kaskazini mwa Marekani. Baba ameniruhusu kukieleza, nami nimeondoa majina, mji, shule na tarehe. Vipimo vya roketi nimeviacha kama vilivyokuwa, kwa sababu bila hivyo kisa kinabaki kuwa hadithi ya bahati mbaya tu. Mimi ni mmoja wa watu wa kujitolea wanaowasaidia wanaoanza mchezo wa roketi ndogo za mfano siku za kurusha, na niliingia katika kisa hiki baada ya ajali, nilipoletewa bomba la karatasi lililochanika kwa urefu kama ganda la ndizi na kuulizwa: "Mwalimu, hii ni gundi mbaya au ni injini mbaya?"

Haikuwa gundi, na injini yenyewe ilifanya kazi yake sawasawa kabisa, hadi sekunde iliyoandikwa juu yake.

Usuli

Kijana alirusha roketi ndogo mara moja katika kambi ya sayansi ya shule, akarudi nyumbani hana jingine la kuzungumza. Baba, ambaye ni fundi wa magari na mtu wa mikono, aliamua kwamba kifurushi kidogo cha kuanzia, chenye mapezi ya plastiki yaliyokwisha kuungwa, kingekuwa cha kitoto mno. Alinunua kifurushi cha roketi kubwa kidogo: urefu wa sentimita 60 hivi, bomba la karatasi lenye kipenyo cha karibu milimita 42, mapezi ya balsa, mbao nyepesi sana, ya kukata na kupiga msasa, pua ya plastiki, na nafasi ya injini ya milimita 18. Karatasi ya maelezo ilitaja uzito wa takriban gramu 70 bila injini.

Huo haukuwa uchaguzi mbaya. Roketi nene inapanda polepole, macho yanaifuata, na haipotei kirahisi kama ile nyembamba. Tatizo lilianza pale ambapo fundi wa magari alianza kuiboresha.

Badala ya gundi ya mbao, ambayo inatosha kabisa kwa karatasi na balsa, aliweka epoksi, gundi nzito ya kuchanganywa, tena kwa wingi, kwenye mashina ya mapezi. Uzi wa mpira unaounganisha pua na mwili aliuona dhaifu, akautoa na kuweka kamba nyembamba ya nailoni, "ile ambayo hata samaki mkubwa haikati." Parachuti ya kifurushi aliibadilisha na nyingine kubwa zaidi. Kijana naye akapuliza rangi tabaka tatu. Hakuna aliyeiweka roketi kwenye mizani baada ya kazi hiyo.

Injini, ambazo ni vibomba vya baruti vya kutumika mara moja, zilinunuliwa kwenye duka la vifaa vya ufundi na michezo ya mikono. Mara ya kwanza baba alichukua pakiti ya D12-5, kwa kuwa D ndiyo iliyokuwa herufi ya mbele zaidi rafuni. Walipofika nyumbani injini haikuingia: D12 ina kipenyo cha milimita 24, na nafasi yao ilikuwa ya 18. Akarudi dukani akachukua pakiti ya C6-7. Kati ya C6-3, C6-5 na C6-7 alichagua ya mwisho kwa hoja ambayo nimeisikia mara nyingi kutoka kwa watu wazima wenye akili timamu: saba ni kubwa kuliko tano.

Jinsi jina la injini linavyosomwa

Hapa sharti nisimame kidogo, maana kisa chote kimefungwa katika herufi moja na namba mbili.

Herufi hutaja jumla ya msukumo, yaani nguvu ikizidishwa kwa muda inapofanya kazi, kwa kipimo cha nyutoni-sekunde. Injini ya A ina kati ya 1.26 na 2.50, B inafika 5, C inafika 10, D inafika 20; kila herufi inaruhusu maradufu ya iliyotangulia. Namba ya kwanza ni wastani wa nguvu kwa nyutoni, ingawa kwa vipimo halisi wastani wa C6 huwa karibu na 5 kuliko 6. Namba ya mwisho, ile iliyo baada ya kistari, haihusiani na nguvu hata kidogo. Ni sekunde ambazo injini inasubiri baada ya kuacha kusukuma, kabla haijafyatua baruti ndogo ya mbele inayotupa pua na parachuti nje.

Katika sekunde hizo roketi bado inapanda kwa kasi iliyoipata, ikipungua mwendo hadi kileleni. Parachuti inatakiwa itoke hapo kileleni, ambapo roketi inakaribia kusimama. Ikitoka mapema, roketi bado inakimbia kwenda juu. Ikichelewa, inakimbia kuja chini. Kwa hiyo namba ndogo wala si dhaifu: ni ya roketi nzito, ambayo inaishiwa mwendo upesi. Namba kubwa ni ya roketi nyepesi na nyembamba, ambayo inateleza hewani kwa muda mrefu. Waliotengeneza injini hizi wamejaribu kulisema hilo hata kwa rangi: katika injini za kampuni ya Estes, maandishi ya kijani ni ya matumizi ya kawaida ya hatua moja, na yale ya zambarau, kama ya C6-7, yamekusudiwa hatua ya juu ya roketi za hatua mbili, zenye injini zinazowaka kwa zamu, au roketi nyepesi sana. Baba aliiona zambarau. Aliidhania pambo.

Nitaje pia, kwa sababu kijana aliniuliza, kwa nini hatutengenezi baruti hizi wenyewe nyumbani. Mchezo wenyewe ulizaliwa kukwepa jambo hilo. Mwaka 1954 Orville Carlisle, mwenye duka la viatu katika mji wa Norfolk, Nebraska, alibuni roketi ya karatasi yenye injini ya kubadilishwa, na G. Harry Stine aliyeshirikiana naye alikuwa akiwasikia vijana waliokuwa wakijeruhiwa kwa kuchanganya kemikali wenyewe. Chama cha National Association of Rocketry, NAR, kilianzishwa mwaka 1957, na kanuni zake za usalama mpaka leo zinadai injini za kiwandani zilizothibitishwa na si vinginevyo.

Siku ya kurusha

Uwanja ulikuwa wa michezo wa shule, kwa ruhusa ya msimamizi. Urefu wake uliwatosha, lakini upande wake mfupi, kwa hatua zilizopimwa baadaye, ulikuwa kama mita 65. Programu ya hali ya hewa kwenye simu ilionyesha upepo wa kilomita 25 kwa saa. Kanuni za NAR zinakataza kurusha upepo ukizidi kilomita 32 kwa saa, kwa hiyo baba alijihesabu kuwa ndani ya sheria, na kwa upepo alikuwa sahihi. Kwa uwanja hakuwa sahihi: jedwali la kanuni hizo hizo linataka upande mfupi usiopungua mita 30 kwa injini ya A, 60 kwa B, na 120 kwa C.

Jambo la pili lilikuwa karatasi kinga. Kati ya injini na parachuti huwekwa karatasi laini zilizotiwa dawa ya kuzuia moto, ili cheche za kufyatulia zisiifikie parachuti ya plastiki. Pakiti yake huuzwa peke yake, na hawakuinunua. Waliweka karatasi za chooni.

Jaribio la kwanza halikuwaka. Baba alichomoa ufunguo wa usalama kwenye kiwashio cha mkononi, akautia mfukoni, jambo ambalo alilifanya vizuri, kisha akaenda moja kwa moja kwenye roketi, jambo ambalo halikuwa vizuri: kanuni inataka kusubiri dakika moja nzima. Ncha ya waya wa kuwashia haikuwa imegusa baruti ndani ya tundu la udongo lililo nyuma ya injini, ilikuwa imeishia njiani. Akausukuma hadi mwisho, akarudisha kizibo cha plastiki kinachoushika.

Jaribio la pili likawaka. Yafuatayo tunayajua kutokana na video ya simu iliyopigwa na dada wa kijana, ambayo niliitazama mara nyingi, fremu kwa fremu. Roketi iliiacha fimbo ya kurushia polepole, ikageuza pua kuelekea upepo unakotoka, ikapanda kwa mshazari mkubwa badala ya kwenda juu. Injini iliacha kusukuma karibu sekunde 2 baada ya kuwaka. Kilele kilikuwa kabla ya sekunde ya tano. Kisha roketi ikaanza kushuka, pua chini, na hakuna kilichotokea. Kwenye video sauti ya kijana inasikika: "Baba, mbona haifunguki? Baba!" Mlio wa kufyatua ulikuja karibu na sekunde ya tisa, roketi ikiwa juu ya ardhi kwa urefu wa mti mfupi. Parachuti ilitoka nusu imeyeyuka na nusu imefunguka, kamba ya nailoni ikakaza ghafla na kulipasua bomba la karatasi kuanzia mdomoni, sentimita 9 kwenda chini. Mwili ukagonga ardhi, pezi moja likang'oka. Mabaki ya karatasi ya chooni yaliangukia nyasi kavu yakiwa bado yanafuka moshi, na baba akayakanyaga hadi yakazima.

Mizani na hesabu

Tulipokutana, kitu cha kwanza nilichoomba kilikuwa mizani ya jikoni. Roketi, bila injini, ilikuwa na gramu 104. Gramu 34 zilikuwa zimeongezwa juu ya uzito wa kifurushi, na kwa makisio yetu karibu nusu yake ilikuwa epoksi, iliyobaki rangi, parachuti kubwa na kamba. Pamoja na injini ya gramu 25 hivi, roketi iliondoka na gramu 129.

Mtengenezaji anataja uzito wa juu unaoruhusiwa kwa kila injini, ukiwa ni uzito wa roketi pamoja na injini yenyewe. Kwa C6-5 ni gramu 113. Kwa C6-7 ni chini zaidi ya hapo. Kwa hiyo walikuwa wamevuka kikomo hata kabla ya kuuliza swali la sekunde.

Baba aliamini kuwa roketi iligeuka kwa sababu ya mapezi kukaa vibaya. Dhana hiyo ilikuwa na mashiko na ilibidi tuipime. Roketi hutulia kwa sababu ile ile inayoutuliza mshale: uzito uko mbele, na manyoya yanayokamata hewa yako nyuma. Epoksi nyingi mkiani huvuta kitovu cha uzito kurudi nyuma, na injini nzito huongeza kosa hilo. Tulitengeneza pezi kwa muda, tukaweka ganda la injini lililojazwa mchanga wa uzito sawa na injini mpya, tukafunga uzi kwenye kitovu cha uzito na kuizungusha juu ya kichwa. Iliyumba kidogo mwanzoni, kisha ikatulia na kuongoza kwa pua. Ilikuwa imara, ingawa si kwa akiba kubwa. Mapezi hayakuwa na hatia.

Kosa lilikuwa kasi ndogo. Fimbo ya kurushia ina urefu wa sentimita 90, na mapezi hayana kazi mpaka hewa ipite juu yake kwa nguvu ya kutosha. Warushaji wengi hukadiria kuwa roketi inapaswa kuiacha fimbo ikiwa na mita 13 kwa sekunde au zaidi, na kwamba wastani wa nguvu ya injini uwe angalau mara tano ya uzito. Gramu 129 ni uzito wa nyutoni 1.27, mara tano yake ni zaidi ya 6, na C6 haifiki hapo kwa wastani wake halisi. Nilipohesabu, nikichukua kilele cha nguvu ya C6 kuwa nyutoni 14 katika sehemu ya kwanza ya sekunde, nilipata mita 11 hivi kwa sekunde mwishoni mwa fimbo. Upepo wa kilomita 25 kwa saa ni karibu mita 7 kwa sekunde. Kwa roketi inayokwenda 11 huku ikipigwa ubavuni na upepo wa 7, hewa haitoki tena mbele. Inatoka upande, kwa zaidi ya digrii 30. Mapezi yalifanya kazi yake kwa uaminifu, yakaigeuza pua ielekee kule hewa ilikotoka. Mtu aliyerusha kishada ufukweni wakati wa kusi ataelewa bila hesabu.

Na muda? Kwa uzito ule, hata kama ingepanda wima kabisa, roketi ingeteleza takribani sekunde 3.5 baada ya injini kuzima, na kilele kingekuwa kama mita 110. C6-3 ingefyatua karibu na kilele. C6-5 ingechelewa kidogo. C6-7 ingefyatua roketi ikiwa imekwisha kushuka nusu ya njia, kwa kasi ya karibu mita 30 kwa sekunde. Kwa kuwa ilipanda kwa mshazari, kilele kilikuwa chini zaidi na muda wa kuteleza mfupi zaidi, hivyo sekunde saba ziliishia karibu na nyasi, kwa kasi inayozidi kilomita 100 kwa saa. Hakuna bomba la karatasi linalohimili kamba nyembamba isiyovutika kwa kasi hiyo. Mpira ule "dhaifu" uliwekwa na mtengenezaji ili uvutike.

Maamuzi ya awamu ya pili

Njia zilikuwa tatu. Ya kwanza, aliyoipenda kijana, ilikuwa kupanua nafasi ya injini na kutumia zile D12-5 zilizokwisha kununuliwa. D12 ina kilele cha nguvu cha karibu nyutoni 30, na ingeibeba roketi ile bila shida. Uzito wa juu wa D12-5 ni gramu 283. Lakini jedwali la NAR linataka mita 150 kwa D, na uwanja wao ni ule ule. Tukaiacha kwa sababu ya uwanja, si kwa sababu ya roketi.

Ya pili ilikuwa kuitengeneza roketi na kununua C6-3. Uwanja ukaikataa nayo.

Ya tatu ndiyo tuliyoichukua, na baba hakuifurahia mwanzoni: kurudi kwenye roketi ndogo ya kuanzia aliyoidharau dukani, kujifunza kwa injini ya A, na huku ile kubwa ikipunguzwa uzito kwa ajili ya injini ya B. Roketi ndogo tuliyochagua ilikuwa ya aina ya Alpha III: gramu 34, bomba la milimita 25 hivi, mapezi ya plastiki yaliyoungwa pamoja, parachuti ya sentimita 30. Kwa A8-3 iliondoka na gramu 50, wakati kikomo ni 85, na hesabu ilitoa sekunde 3 na kidogo za kuteleza. Injini na roketi zilikubaliana.

Roketi kubwa ilikatwa sehemu iliyochanika, ikaungwa kipande kipya kwa kiungio cha ndani, epoksi ya mapezini ikapunguzwa kwa msasa, kamba ya nailoni ikatolewa na mpira mpana ukarudi, wenye urefu unaokaribia mara tatu ya mwili. Parachuti ilirudi kwenye sentimita 45. Mizani ikasema 93. Hapo niliwaachia wachague injini wenyewe, kwa karatasi na kalamu. Kijana alileta jibu la B6-4, kwa kuwa ndiyo iliyozoeleka. Nilimwuliza kikomo chake. Akatazama: 113. Gramu 93 na injini ya karibu 19 zinafika 112. "Inaingia," akasema. Baba, aliyekuwa kimya hadi hapo, akamjibu: "Mwanangu, gari la tani tano hulipakii tani tano kasoro kilo moja ukapanda nalo mlima." Wakaenda kwenye B6-2, yenye kikomo cha gramu 127 na muda mfupi zaidi, na hesabu ikawaunga mkono: roketi hiyo ingeteleza sekunde 2.6 hivi, kwa hiyo sekunde mbili zingefyatua kabla kidogo ya kilele, kwa mwendo mdogo, wakati nne zingechelewa.

Nikiri kwamba uamuzi huo wa B6-2 haukuwa wangu. Mimi ningeikubali B6-4.

Matokeo

Walirusha asubuhi, upepo ukiwa kilomita 8 kwa saa, karatasi kinga halisi zikiwa ndani, na waya wa kuwashia ukiwa umekaguliwa na watu wawili. Roketi ndogo kwa A8-3 ilipanda kwa makadirio mita 70, ikafungua parachuti kileleni, ikatua ndani ya uwanja. Ilirushwa mara tatu. Mara ya nne waliweka B6-4, ambayo kwa roketi nyepesi kiasi hicho ndiyo injini sahihi, ikafika mara mbili ya kimo cha kwanza na kutua kwenye uzio.

Roketi kubwa kwa B6-2 haikufika mita 50. Ilipanda imenyooka, ikafungua, ikashuka taratibu na kutua kwenye nyasi bila kuvunjika kitu. Kijana alivunjika moyo kidogo kwa kimo hicho, hakuficha. Baba aliitazama video ya safari hiyo mara nyingi kuliko ya nyingine zote.

Uchambuzi

Kilichoshindikana mara ya kwanza hakikuwa kitu kimoja. Uzito uliozidi uliipunguzia roketi kasi ya kuiacha fimbo, upepo ukaigeuza, mgeuko ukafupisha muda wa kufika kileleni, muda mrefu wa injini ukaifyatua ikiwa kasini, karatasi ya chooni ikaiharibu parachuti, na kamba isiyovutika ikamaliza kazi. Lakini mambo haya hayana uzito sawa. Ukiondoa epoksi yote na kuacha C6-7, roketi ile nene bado ingefyatua kwa kuchelewa sana na pengine bado ingepasuka. Ukiacha epoksi na kuweka C6-3, ingegeuka na kupeperushwa nje ya uwanja, lakini mwili wake ungerudi mzima. Ndiyo maana naiweka namba ya mwisho juu ya makosa mengine: ndiyo iliyoigeuza safari mbaya kuwa ajali.

Parachuti kubwa inastahili neno lake. Mtu huona kwamba parachuti kubwa ni usalama zaidi, na kwa mwili wa roketi ni kweli. Kwa uwanja ni kinyume. Ingefunguka vizuri kwenye mita 110 na kushuka kwa mita 4.5 kwa sekunde, ingekuwa hewani kwa sekunde 24 au zaidi, na upepo wa mita 7 ungeibeba zaidi ya mita 160. Uwanja ulikuwa na 65. Kwa maneno mengine, hata safari iliyofaulu ingeishia barabarani au juu ya paa la mtu, au kwenye nyaya za umeme, ambako kanuni zinakataza kabisa kuifuata. Wenye uwanja mdogo hutoboa tundu katikati ya parachuti au hutumia utepe mrefu badala yake.

Kilichofaa tangu mwanzo nacho kitajwe. Kuchagua roketi nene kulisaidia, maana roketi nyembamba kwa C6-7 ingepotea machoni na tusingekuwa na video wala mabaki ya kuchunguza. Kuutia ufunguo mfukoni kulikuwa kuzuri. Kupiga video kulikuwa kuzuri zaidi: bila kuhesabu sekunde kwenye picha, mjadala wetu ungebaki kwenye mapezi na gundi. Na tabia ya baba ya kutaka kujua kila kitu kinafanya nini, ile ile iliyomwingiza kwenye epoksi, ndiyo iliyomfanya abishane nami kuhusu B6-4, na katika hilo alikuwa na hoja bora kuliko yangu: injini za baruti hazifanani kwa sekunde hadi sekunde, na roketi inayokaribia kikomo haina pa kuficha tofauti hiyo.

Mpangilio wa kuchagua ambao sasa nauelekeza kwa wanaoanza umebadilika kutokana na kisa hiki. Zamani nilianza na roketi. Sasa naanza na upande mfupi wa uwanja, ambao unaamua herufi. Kisha roketi iliyokamilika na kupakwa rangi inawekwa kwenye mizani, pamoja na injini, ikilinganishwa na kikomo kwa akiba ya kutosha. Na namba ya mwisho inafuata uzito huo. Duka linatembelewa mwishoni.

Zile C6-7 mbili zilizobaki hazikutupwa. Baada ya mavuno, kwenye shamba la mahindi ambalo klabu yetu huruhusiwa kulitumia, kijana aliweka moja kwenye roketi ndogo, na utepe badala ya parachuti. Ilipotea machoni, ikafyatua mahali ambapo hatukuiona, na tuliitafuta kwenye mabua kwa dakika arobaini kabla ya kuipata ikiwa nzima.

Pakiti ya D12-5 bado imo kabatini. Baba alitaka kumpelekea mdogo wake Tanga likizo ilipofika; nilimweleza kwamba injini za roketi za mfano haziruhusiwi kwenye ndege ya abiria, si mkononi wala kwenye begi la chini, na kwamba huko nako sheria za vilipuzi zingemngoja. Mara ya mwisho nilipowaona, kijana alikuwa akilipima kwa rula bomba la milimita 24, na mizani ya jikoni ilikuwa imehamia kwenye meza yake.